Mpaka Uone Mwezi

Damu yangu ilikuja mara mbili, ikapotea. Ya mdogo wangu ilikuja ikakaa, siku sita kila mwezi, haikuchelewa wala kuwahi. Mimi ndiye mkubwa. Nilimzidi miaka miwili, nilimfundisha kufunga kanga na kuchambua mchele, na katika jambo hili moja alinipita akaniacha nimesimama.

Sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilikuwa mtoto wa haya. Hata hodi ikibishwa nilimwachia yeye aitike. Tulikaa Nguvumali, baba akiuza samaki sokoni na mama akitengeneza tambi za kuuza. Niliacha shule darasa la nne nikakaa nyumbani kungoja kuolewa, kama wasichana wengine wa mtaa. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, katikati. Nilifika miaka ishirini bado nangoja, na katika kungoja huko nikanenepa. Mashavu yakajaa, chunusi zikanitoka, na chini ya kidevu zikaanza kuota nywele nyeusi, ngumu, nne, kisha kumi, kisha sikuzihesabu tena.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akininyonyoa. Nilijipaka jivu kidevuni ili nywele zishikike, naye akazing'oa moja moja kwa kucha, amenisogelea karibu hata naiona ngozi yake ilivyo laini toka sikio hadi sikio.

"Usicheke," nilimwambia.

"Sicheki, dada."

Na kweli hakuwa akicheka. Ningependa acheke, nipate sababu ya kumchukia.

Waliocheka walikuwa bombani. Asubuhi moja nilisahau kidevu changu, na upepo ukanivua mtandio mbele ya foleni nzima ya wateka maji. Msichana mmoja mwenye mdomo akatua debe lake, akanyenyekea mbele yangu.

"Shikamoo, shehe!"

Wenzake wakaangua kicheko. "Shehe, tusomee dua, bomba litoe maji!"

"Mwacheni, shehe hasemi na wanawake."

Mdogo wangu akaweka mikono kiunoni. "Na wewe mwombe akusomee hicho kipara chako, huenda nywele zikaota." Kicheko kikamhamia yule msichana, akashika debe lake. Tukarudi nyumbani. Alinitetea, nami njia nzima sikuwaza jingine ila hili: anaweza kunitetea kwa sababu ana kidevu safi.

Shangazi yetu, dada yake baba, aliishi mtaa wa Mabawa. Alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, aliyepata kazi Amani, kule milimani, kwenye vitalu vya miche vya kituo cha utafiti. Kila mwisho wa mwezi alishuka mjini na kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi, akapita kuwaamkia wazee wetu. Tangu utoto ilisemwa kuwa mimi ni wake. Sijui kama nilimpenda. Nilipenda kule kusemwa. Alipoingia uani nilikimbilia chumbani nikamtazama kwa ufa wa mlango, na niliyemwona akimpelekea maji ya kunywa alikuwa mdogo wangu.

Mwezi wa Rajabu shangazi alikuja peke yake, akakaa na mama barazani kwa nyuma. Sisi wawili tulikuwa chumbani tunakunja nguo, na dirisha lilikuwa wazi.

"Wifi, nikuulize la wazi?"

"Uliza."

"Huyu mkubwa anaona siku zake?"

"Zinachelewachelewa," mama akasema.

"Zinachelewa, au hazipo?"

Nilimsikia mama akiburuta kigoda chake.

"Mimi nina mwana mmoja, wifi. Nataka wajukuu. Simkatai mtoto wa kaka yangu, lakini tukifika Idi hali ni hii hii, nitamposa mdogo. Wote ni wetu."

"Mdogo hamtangulii mkubwa."

"Huyo mdogo ana miaka mitano anafua vitambaa vyake kila mwezi," shangazi akasema. "Mkubwa anafua nini?"

Mdogo wangu akaendelea kukunja nguo, lakini kanga ile ile aliikunja mara tatu. Nilimtazama na yeye hakunitazama.

Mama alikwisha kuninywesha kombe la mwalimu, aya zilizooshwa sahanini, na mizizi ya mganga wa Kidigo iliyonikausha koo wiki nzima. Sasa akanipeleka hospitali. Ilikuwa siku za mwanzo za Shaabani. Wagonjwa waliingia mmoja mmoja, kwa hiyo mama alibaki kwenye benchi la nje, nami nikaingia peke yangu kwa daktari mwanamke wa Kizungu. Alinibonyeza tumbo, akanitazama kidevu karibu na dirisha, akaandika. Dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, kijana mpole, alisimama nyuma ya pazia ili asinione, akawa anageuza maneno.

"Anasema tumboni una vifuko viwili vya mayai. Mayai yanaanza kukua, kisha yanasimama, hayatoki. Ndiyo sababu mwili umepotewa na mpango. Unene, chunusi, na hizo ndevu. Samahani, dada. Hizo nywele."

Nikavuta mtandio juu ya kidevu.

"Anasema utapewa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Lakini vidonge ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni wewe mwenyewe. Punguza ugali wa bada, punguza wali, sukari iache kabisa. Kula samaki, mboga za majani, mayai. Na utembee kila siku saa nzima, mwendo wa haraka, si mwendo wa kwenda harusini."

Daktari akasema neno jingine, refu kidogo. Dresa akakohoa nyuma ya pazia.

"Na vidonge usiache, ee, usiache mpaka uone mwezi. Ukishauona, njoo utuambie. Umefahamu?"

"Nimefahamu," nikasema. Ningalisema nimefahamu hata kama angalisema Kihindi, ilimradi nitoke mle ndani.

Nje mama akanishika mkono. "Wamesemaje?"

Nikamweleza habari ya chakula na ya kutembea.

"Na dawa utakunywa mpaka lini?"

"Mpaka nione mwezi."

"Inshallah," mama akasema, na macho yakamlowa. Nilishangaa kidogo, lakini mama alikuwa mwepesi wa machozi.

Chakula kilimpa tabu yeye kuliko mimi. "Mtoto wa kuolewa akonde?" alisema. "Watu watasema namnyima." Kutembea kulimpa tabu zaidi, kwa kuwa msichana anayetembea bila kutumwa anatafutiwa jina. Basi akanipa sababu. Kila asubuhi alinifungia tambi kwenye kitambaa nimpelekee mteja wake Mabawa, na kila asubuhi nilivaa buibui nikaenda upesi, jasho likinitiririka mgongoni na mapaja yakichubuka. Siku nyingine mteja hakutaka tambi. Nilikwenda nazo, nikarudi nazo.

Jioni tulikaa mkekani. Mbele ya baba na mdogo wangu ilikuwa bada inayofuka moshi, na mchuzi wa papa wa nazi nzito. Mbele yangu kipande cha samaki wa kuchoma, majani ya mchunga yaliyochemshwa machungu hivyo hivyo, na chai isiyo na sukari. Mdogo wangu alimega tonge, akachovya, akalamba vidole hadi kwenye kifundo cha mkono. Alikula kama mchukuzi wa bandarini na kiuno chake hakikuongezeka hata inchi. Nilihesabu matonge yake. Nilijua siku aliyokula kumi na manne.

Lakini mwisho wa Shaabani gauni langu lilinilegea kwapani. Chunusi za paji la uso zilikauka. Nilianza kufika Mabawa bila kusimama njiani, na nikapita mbele ya nyumba ya shangazi kwa makusudi, polepole, ili anione.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa mtaa wote ulitoka kutazama magharibi. "Ule! Ule pale, kulia kwa mnazi!" watoto wakapiga kelele, wakapiga madebe. Mwezi umeandama. Niliuona mwenyewe, mwembamba kama ukucha. Nikasoma dua, nikaingia ndani, nikavifunga vidonge vilivyobaki katika karatasi yake na kuviweka chini ya mto. Nilimshukuru Mungu kwamba dawa imekwisha siku ile ile mfungo unapoanza, maana kidonge cha asubuhi kingevunja saumu yangu.

Kesho yake mchana mama alikuwa akifagia chumba chetu, akaviona.

"Mbona hivi bado vipo? Hukunywa wakati wa daku?"

"Si nimeacha, mama. Dresa alisema mpaka nione mwezi."

Mama akasimamisha ufagio. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Lini?"

"Jana, baada ya magharibi."

Ufagio ulimponyoka. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema alhamdulillahi mara tatu, na kigelegele kikamtoka nusu, akakiziba kwa kiganja, majirani wasije wakauliza. "Na bado umefunga, mtoto huyu! Haya zako zitakuua siku moja. Mwenye mwezi hafungi. Njoo jikoni ule."

Nilimfuata sijafahamu. Nilipofika mlango wa jikoni ndipo nilipofahamu. Nikakikumbuka kile kikohozi cha dresa nyuma ya pazia, nikakumbuka machozi ya mama nje ya hospitali. Wao wote walikuwa wakisema mwezi wa mwanamke, na mimi nilikuwa nimemeza vidonge siku ishirini na tano nikingoja mwezi wa mbinguni.

Ningeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi ya futari, akainua uso.

"Dada, kweli?"

Alifurahi. Ila chini ya ile furaha niliona kitu kidogo kinashuka, au nilitaka kukiona. Yeye pia aliyasikia maneno ya shangazi dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea yule kijana maji. Nikajua kwamba nikisema ukweli, kile kitu kidogo kitapanda tena usoni mwake.

"Kweli," nikasema.

Mama akanipakulia wali uliobaki daku, wa baridi, na maharage. Nikala mchana wa Ramadhani, mzima wa afya, siumwi, si msafiri. Nilikula huku mdogo wangu akinitazama na midomo yake imekauka kwa saumu, na wali ule ulikuwa mtamu kuliko futari yoyote niliyopata kula.

Siku ya pili siku zake yeye zikaingia. Tukawa wawili nyuma ya mlango wa jikoni, tunakula kwa kujificha baba asituone.

"Karibu, mwenzangu," nikamwambia, kwa sauti ya mtu mkubwa.

Akacheka. "Nimekaribia."

Siku ya tatu alikwenda nyuma ya bafu kufua, nami nikapita na jungu la majivu. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Dada, vitambaa vyako viko wapi? Lete nivifue pamoja."

"Nimeshavifua."

"Lini? Maji ya leo nimeteka mimi, na mtungi umejaa."

Nilihamisha jungu mkono wa pili. Halafu akainamia beseni lake akaendelea kufikicha. Mama akatokea nyuma yangu. Aliutazama ule ukamba mfupi ambapo vitambaa vilianikwa chini ya kanga kuukuu.

"Vya dada yako ni vipi?"

Mdogo wangu hakuinua uso. "Hivi viwili vya mwisho."

Mama akavigusa vile viwili kwa ncha za vidole, kama anayegusa kichwa cha mtoto aliyelala. Akaondoka anajisemea dua.

Sikumshukuru mdogo wangu. Nilichukua jungu langu nikaenda zangu.

Siku ya sita shangazi alikuja kufuturu, ameleta tende na doti ya kanga nyekundu. "Mkwe wangu huyu!" akasema, akanivuta nikae karibu naye. "Wifi, nilikuambia mimi. Chaguo langu ni hili tangu mwanzo." Mama alinyamaza kwa hisani. Mdogo wangu ndiye aliyemwagia shangazi maji ya kunawa, na shangazi akamwambia, "Na wewe Mungu atakuletea wako," naye akaitika, "Amin, shangazi."

Tangu siku ile mama hakutaka kusikia habari ya samaki wa kuchoma. "Dawa imemaliza kazi yake. Sasa tunakujaza." Kila jioni kaimati zilizolowa shira, tambi za sukari, uji wa tende wenye samli. Matembezi yakakoma, kwa kuwa mwari mtarajiwa hachomwi jua. Kwa siku kumi gauni lilinibana tena kwapani, na nywele za kidevuni zikarudi kwa hamu.

Basi nilikuwa nimepata kila kitu, na wivu haukuondoka. Ulizidi. Mama aliponisifu, mdogo wangu aliinamisha macho. Kama angalinitisha, kama angalisema nitakusema kwa mama, ningalipata nafuu, tungalikuwa sawa. Hakunitisha. Alininyonyoa kidevu kama kawaida na kunipulizia jivu lisiniingie machoni. Na mimi nilijua kwamba ile iliyosifiwa na mama ni damu yake, na zile kanga nyekundu zilikuja kwa vitambaa vyake viwili. Nilikuwa naolewa kwa damu ya mdogo wangu. Hata katika kumshinda nilikuwa nimevaa nguo yake.

Sitasema uongo, si hofu ya Mungu iliyonifungua mdomo, Mungu anisamehe. Ni wivu. Nilitaka kiwepo kitu kimoja kilicho changu.

Mama alikuwa uani anatandaza tambi kwenye ungo, mikono imejaa unga.

"Mama, ule mwezi niliouona ni wa mbinguni."

"Wa mbinguni vipi?"

"Ule wa Ramadhani. Nilidhani dresa amesema ule."

Mama akanitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kiganja kikaacha alama ya unga. Kicheko kikageuka katikati, sikuona kilipogeukia. Akanipiga kofi, moja, si kali, nikabaki na unga shavuni.

"Siku saba umekula mchana kwa mwezi wa mbinguni! Na vile vitambaa?"

"Vyake yeye."

"Vyote?"

"Vyote, mama."

Akakaa chini kwenye kinu kilicholazwa. Halafu akanawa mikono, akavaa buibui, akaenda mwenyewe kwa miguu hadi Mabawa kumwambia shangazi. Hakunituma, wala hakumtuma mtu.

Shangazi alitimiza aliyoyasema. Idi ilipopita alikuja kumposa mdogo wangu. Zile kanga nyekundu hakuzidai. Alisema apewe aliyeandikiwa. Nilizikunja mimi, nikaziweka juu ya kitanda cha mdogo wangu, pindo kwa pindo.

"Dada," akaanza.

"Zimekupendeza," nikasema, na hata hakuwa amezivaa.

Wiki ile mama alinirudisha hospitali, na safari hii aliingia nami, benchi hakulitaka. Dresa akaanza nyuma ya pazia lake.

"Je, dada, umeuona mwezi?"

"Kauona," mama akasema. "Na nyota kaziona."

Ikabidi aelezwe. Akamweleza daktari, na daktari akaweka kalamu mezani akafunika uso kwa mkono, mabega yakamtikisika. Dresa akatoka nyuma ya pazia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso; alikuwa ameona haya kuliko mimi.

"Kosa ni langu. Damu, dada. Mpaka uone damu." Akamsikiliza daktari. "Na hata ukiiona usirudi kwenye sukari. Anasema huu ndio mwili wako ulivyo. Utautunza hivi miaka, si wiki tatu. Kidonge kinasaidia, lakini kidonge hakitembei kwa niaba yako."

"Na akiolewa?" mama akauliza.

Daktari akajibu, dresa akageuza. "Anasema wako wanaozaa. Hawezi kuahidi. Anasema aanze kwa kutembea."

Nikaanza tena, kutoka mahali pa nyuma kuliko mwanzo. Mfungo mosi ukapita, mfungo pili, mfungo tatu. Safari hii mama hakunifungia tambi. Walioniuliza njiani ninakwenda wapi niliwaambia, "Natembea," na wakanitazama, na nikapita. Jumatatu na Alhamisi nilifunga, mpaka nikazilipa zile siku saba.

Na nyumbani mdogo wangu alitiwa ndani. Dirisha likafungwa, akasingwa mwili kwa liwa ya kunukia asubuhi na jioni, akawa analishwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpelekea chakula. Wali wa nazi wenye samli. Maziwa yenye sukari. Mkate wa kumimina bado una moto. Nilipita ukumbini na sinia, harufu ikinipanda puani, tumboni mwangu mna kikombe cha chai chungu na samaki mmoja. Kile nilichokatazwa ndicho alichoamriwa. Chakula kile kile, kwake baraka, kwangu maradhi.

Siku moja nilisimama ukumbini nikala visheti vyake vyote, sahani nzima, nimegeukia ukuta. Mama akaona sahani tupu. "Huyu mwari kamaliza visheti vyote?"

"Nimemaliza, mama," mdogo wangu akaitika toka gizani. Hata wizi wangu aliula yeye.

Alikuwa akiniuliza, "Dada, leo umepita wapi?" Nami nilimwambia nimepita stesheni nikaona gari moshi linaondoka na watu wamening'inia madirishani, nimepita ufukweni, nimeona muuza nguo kaleta hariri ya kijani. Nusu yake uongo. Nilitaka aone wivu walau siku moja ajue unavyokaa kifuani.

"Bahati yako," akasema siku moja, akageukia ukutani. Nilifurahi mpaka jioni.

Siku nne kabla ya harusi nilirudi kutoka Mabawa kiuno kinaniuma. Nilidhani ni mwendo. Nikaingia bafuni, na nikaiona. Si tone la kusitasita kama zamani. Damu. Niliegemea ukuta wa bati, nikasikia mama na wanawake wengine uani wanatwanga viungo vya pilau na kupokezana maneno, na sikumwita mtu. Nilishawahi kulisema neno hili likiwa si kweli, na sasa lilipokuwa kweli niliogopa kulitoa. Nilivifua vitambaa vyangu mwenyewe alfajiri, nikavianika chini ya kanga yangu. Nilivihesabu, vilikuwa vitano.

Siku ya harusi wanaume walikwisha kufungisha nikahi msikitini asubuhi. Mchana nyumba ilijaa wanawake, udi unafuka, mdogo wangu amekalishwa kitandani kafunikwa ushungi, mikono yake yenye hina imelazwa juu ya mapaja. Alikuwa amenona, ngozi inang'aa. Bwana harusi wake alikuwa nje barazani na wenzake. Niliisikia sauti yake, nikaijua. Mimi gauni lilinipwaya, na hapana hata mmoja aliyelisifu. Mwanamke mmoja aliniuliza kama nimeugua.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Wanawake wakainuka kwenda kutawadha, wakarudi kutandika mikeka. Mimi nilibaki nimekaa. Shangazi alipita na mkeka kwapani, akasimama mbele yangu.

"Na wewe mbona huinuki?"

"Siswali, shangazi."

Mwanamke akisema siswali haulizwi zaidi, kila mtu anajua ana nini. Lakini nililisema kwa sauti, mimi ambaye hata hodi sikuitika, na wanawake waliokuwa karibu waligeuza shingo. Mama alikuwa mlangoni, maji ya udhu yanamchuruzika viwikoni. Alisimama hapo hapo.

Shangazi akainama karibu na sikio langu. "Ya kweli safari hii?"

"Ya kweli. Na ni yangu mwenyewe."

Alinitazama kidevuni, kifuani, mikononi. Sijui nilitaka afanye nini. Nadhani nilitaka auangushe mkeka, atoke barazani, aseme ngojeni, kuna kosa. Nilimngoja kwa moyo wote. Akaniwekea mkono begani.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema. Akageuka, akatandika mkeka wake na kuelekea kibla.

Kitandani ushungi ulisogea kidogo. Sikutazama kama alikuwa akilia au akinichekea. Nilitazama ile mikono yake yenye hina, na niliionea wivu, kila kidole. Wanawake wote waliinama, wakainuka, wakasujudu, na mimi nikabaki nimekaa peke yangu katikati yao, kiuno kinaniuma, wala sikutaka maumivu yale yaishe upesi.